"Injini ya bandari" ni injini gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ofisini kwetu Kurasini nimepewa mwongozo wa boti ya abiria niutafsiri kwa Kiswahili ili mabaharia wausome wenyewe. Neno moja linanitoa jasho: "port". Kamusi inasema ni bandari, lakini nikiandika bandari kila mahali napata vituko. Mfano ni sentensi hii: "Inspect the exhaust port of the port engine before leaving port." Programu ya kutafsiri kwenye simu imenipa: "Kagua bandari ya kutolea moshi ya injini ya bandari kabla ya kuondoka bandari." Fundi wetu kaisoma, akaniuliza injini ya bandari ni injini gani. Naomba unieleze neno hili lina maana ngapi, zimetoka wapi, na nitazitofautishaje. Halafu, naruhusiwa kuandika "porti" tu, yaishe?

JIBU: Marahaba. Fundi wenu ameuliza swali la maana, kwa sababu injini ya bandari haipo majini wala nchi kavu. Sentensi uliyopewa ina "port" tatu, na hakuna mbili zinazofanana kwa maana. Ya kwanza ni tundu, ya pili ni kushoto, ya tatu ndiyo bandari. Iandike hivi: "Kagua tundu la kutolea moshi la injini ya kushoto kabla ya kuondoka bandarini." Fundi akisoma hivyo anajua aende kwenye injini ipi na ashike spana gani.

Jambo hili si geni kwetu. Tuna mbuzi wa kufugwa na mbuzi ya kukunia nazi, tuna kaa wa pwani na kaa la moto. Hatuchanganyikiwi, maana ngeli inatutangulia: mbuzi wangu amekonda, mbuzi yangu imevunjika; kaa huyu, kaa hili. Kiingereza hakina ngeli. "Port" ya tundu na "port" ya bandari huvaa nguo zilezile na kutembea mwendo uleule, kwa hiyo msomaji hana budi kutazama majirani: neno limetanguliwa na nini, linafuatwa na nini, na ndani ya waraka huo lina mwenzake gani. Hilo la mwenzake ndilo litakalokuokoa kuliko yote, na nitalirudia tukifika kwenye kushoto.

Kwanza bandari. Asili yake ni neno la Kilatini "portus", lililoingia Kiingereza mapema sana, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066. Shina la kale zaidi, ambalo Kilatini, Kigiriki, Kiingereza na lugha nyingine nyingi za Ulaya na Asia zimelirithi, lilikuwa na maana ya kuvuka, kupita hadi ng'ambo. Kwenye ukoo wa lugha za Kijerumani, ambao Kiingereza ni mmoja wao, sauti P ya kale iligeuka F. Ndiyo maana samaki kwa Kilatini ni "piscis" na kwa Kiingereza "fish", na baba ni "pater" na "father". Kwa njia hiyohiyo, ndugu wa "portus" upande wa Kiingereza ni "ford", mahali pa kuvukia mto kwa miguu. Mji wa Oxford ulipata jina kwa kivuko cha maksai. Ukoo huo una "fare", yaani nauli, na una "ferry". Sasa fika pale Kivukoni unapopandia pantoni la Kigamboni. Watu wanapaita Feri, wanapaita Kivukoni, na majina yote mawili yanasema kitu kilekile ambacho shina la "portus" lilikuwa likisema maelfu ya miaka iliyopita. Neno letu "bandari" ni la ukoo mwingine, limetoka Kiajemi, "bandar". Na kwa kuwa wengi huuliza: ndani ya jina Dar es Salaam hamna bandari. "Dar" ni Kiarabu, makao. Bandari Salama ni jina la utani lililoundwa kwa kufuata sauti, na limekaa vizuri.

Kutokana na maana hii ya bandari kuna maneno mawili unayoyatumia kila siku bila kuyashuku. Pasipoti ni Kifaransa, "passer" na "port", ruhusa ya kupita bandarini. Na "opportunity", fursa, imetokana na upepo: Warumi waliuita "opportunus" upepo unaovuma kuelekea bandarini, ule unaokufikisha unakokwenda. Nahodha wa jahazi aliyesubiri kaskazi igeuke kuwa kusi anaielewa maana hiyo bila kufundishwa.

Kwenye nyaraka za mizigo "port" karibu daima ni bandari, lakini tafsiri bado inateleza. "Port of loading" ni bandari ya kupakilia na "port of discharge" ni bandari ya kushushia. Mzigo ukitoka Shanghai kwenda Lubumbashi, bandari ya kushushia ni Dar es Salaam, lakini mahali pa kukabidhiwa mzigo ni Lubumbashi. Ukiyaunganisha hayo mawili kuwa "bandari ya mwisho" umemwondolea mwenye mzigo taarifa anayoihitaji ili ajue nani analipia safari ya lori. "Port of registry" ni bandari ya usajili. Ukitazama tezi (sehemu ya nyuma) la meli zilizotia nanga nje ya mlango wa bandari yetu utasoma Monrovia, Majuro au Panama chini ya jina la meli. Hilo halisemi meli imetoka huko; linasema imesajiliwa huko. "Port captain" ni ofisa wa nchi kavu anayesimamia meli za kampuni zikiwa bandarini, kwa hiyo usimwite nahodha wa kushoto wala nahodha wa meli. Nayo "port of entry" kwenye fomu za uhamiaji imeshaiacha bahari: Namanga na Tunduma zimo, na uwanja wa ndege umo. Iite "kituo cha kuingilia nchini", ama sivyo mtu anayetoka Nairobi kwa basi ataacha nafasi hiyo wazi kwa kudhani haimhusu.

Bandari isiyo na maji nayo ipo. "Dry port" tumeshaizoea kuwa bandari kavu, kama ile ya Kwala mkoani Pwani, na tafsiri hiyo ni nzuri, iache. Ila ukikuta Newport Pagnell kwenye ramani ya Uingereza, usiitafute pwani. Kiingereza cha kale kilitumia "port" pia kwa mji wenye haki ya kuendesha soko, hata kama bahari iko mbali kabisa.

Ya pili ni lango, na hapa ndipo tundu la injini yako lilipotoka. Kilatini kilikuwa na "porta", mlango au lango, neno jirani la "portus" kutoka shina lilelile la kupita. Lango la mji likawa uwazi kwenye ubavu wa meli, wa kutolea mdomo wa mzinga au kupitishia mizigo. Uwazi huo ukawa dirisha la duara la chumba cha abiria, "porthole". Kisha mafundi wa injini wakalichukua neno kwa kila tundu ambalo mvuke, hewa, mafuta au moshi unapitia.

Hapa nakusihi uwe makini, kwa sababu "exhaust port" si ekzosi. Ekzosi ni bomba la nje. "Exhaust port" ni tundu lenyewe ndani ya injini, pale moshi unapoanza kutoka kwenye silinda. Kwenye injini za boti za mipigo miwili tundu hilo limekatwa kwenye ukuta wa silinda, na pistoni ndiyo inayolifungua na kulifunga ikipanda na kushuka. Mafuta ya kulainishia yakizidi kwenye petroli, masizi hujijenga ukingoni mwa tundu, njia inakuwa nyembamba, injini inakosa nguvu na kupata joto kupita kiasi. Mwongozo ukisema "bomba la moshi", fundi atafungua bomba, ataliona safi, atalirudisha, na masizi yatabaki palepale. Sema "tundu la kutolea moshi kwenye silinda" mara ya kwanza, baadaye ufupishe.

Tundu la chaji la simu ni "port" hiyohiyo. Mafundi wa Kariakoo wanalisafisha kwa sindano au brashi kila siku, na Kiswahili chake kipo tayari. Hakuna sababu ya kukopa. Kwenye mtandao wa kompyuta "port" haionekani kwa macho. Ni namba inayoiambia kompyuta ujumbe uliofika upelekwe kwa programu ipi. Namba hizo zinaanza 0 na kuishia 65535, kwa sababu zimetengewa biti 16, yaani nafasi 16 za tarakimu 0 au 1. Tovuti zenye usalama hutumia 443, zisizo na usalama 80. Hapa mimi hupendelea "mlango": mlango namba 443. Tundu linachomekwa waya, mlango unabishwa hodi, na ndivyo kompyuta zinavyofanya. Vijana wanaotafuta kazi serikalini wanaifahamu Ajira Portal. "Portal" ni lango, mtoto wa "porta" moja kwa moja. Hospitalini mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini kutoka tumboni huitwa mshipa wa lango, kwa kuwa Warumi waliita pale unapoingilia lango la ini. Na mgonjwa wa saratani akiambiwa atawekewa "port", ni kifaa kidogo kinachozikwa chini ya ngozi, kwa kawaida kifuani, ili dawa ipitie hapo badala ya kutoboa mishipa ya mkono kila mara. Kiite kipitishio cha dawa. Tafsiri ya bandari hapo inamtia mgonjwa hofu bure.

Sasa kushoto, ambako mwongozo wako utakaa muda mrefu zaidi.

Meli za kale za Ulaya ya kaskazini hazikuwa na usukani katikati ya tezi. Zilikuwa na kasia kubwa la kuongozea, limefungwa ubavuni, upande wa kulia karibu na tezi, kwa kuwa watu wengi hutumia mkono wa kulia. Upande huo ukaitwa "steorbord", ubavu wa kuongozea, ndiyo "starboard" ya leo. Haina uhusiano wowote na nyota. Meli ikifika gatini isingeweza kuegesha ubavu wenye kasia, lingesagwa. Ikaegesha ubavu wa kushoto, mizigo ikapakiwa huko, na upande huo ukaitwa "larboard", ubavu wa kupakilia. Shida ni kwamba "starboard" na "larboard" zinafanana mno sikioni. Mpigie mtu kelele hizo mbili kwenye upepo mkali, mawimbi yakipiga, naye atageuza upande usio. Mabaharia wakaanza kusema "port" badala ya "larboard": upande unaotazama bandari, au upande wenye uwazi wa kupakilia. Maelezo yote mawili yanaishia gatini. Jeshi la majini la Uingereza liliagiza rasmi neno hilo litumike mwaka 1844, la Marekani mwaka 1846.

Kwa nini wasiseme tu kushoto na kulia? Kwa sababu kushoto ni kwa mtu, na mtu hugeuka. Abiria aliyekaa akitazama tezi, kushoto kwake ni kulia kwa boti. "Port" haigeuki: ni ubavu wa chombo ulio kushoto ukisimama tezi na kutazama omo (sehemu ya mbele), na unabaki huo hata ukijilaza chali. Kwa hiyo ukitafsiri "port lifeboat", usiandike "boti ya kuokolea iliyo kushoto kwako". Andika "iliyo kushoto mwa meli". Tofauti ya neno moja, lakini wakati wa hatari inaweza kupeleka watu hamsini upande usiostahili.

Taa zinakwenda na pande hizi. Kushoto mwa chombo ni taa nyekundu, kulia ni kijani, kila moja ikimulika upana wa nyuzi 112.5 kuanzia mbele moja kwa moja, na hiyo ni kanuni ya kimataifa ya mwaka 1972 ya kuzuia migongano baharini. Ukisimama Kivukoni usiku na kuona nyekundu na kijani pamoja, nyekundu ikiwa kulia kwako, chombo kinakujia uso kwa uso. Ukiona nyekundu peke yake, unatazama ubavu wake wa kushoto, na omo yake inaelekea kushoto kwako. Ukiona nyeupe moja tu, chini, aghalabu kinakupa tezi. Nahodha wa chombo chenye injini akiona nyekundu ya mwenzake kulia kwake, njia zao zikikatana, yeye ndiye wa kupisha. Basi "port light" ni "taa nyekundu ya kushoto". Programu itakupa "taa ya bandari", na baharia atakwenda kuitafuta gatini.

Waingereza hukariri kwa kuhesabu: "port" na "left" zote zina herufi nne. Kwa Kiswahili hesabu hiyo haifai kitu. Wafundishe vijana wenu hivi: moyo uko kushoto, na damu ni nyekundu.

Maboya nayo yana pande. Tanzania, pamoja na Afrika yote na Ulaya, inafuata mpango ambao ukiingia bandarini kutoka baharini maboya mekundu yanakuwa kushoto na ya kijani kulia. Amerika, Japani, Korea na Ufilipino ni kinyume. Mwongozo uliochapishwa Marekani ukisema mekundu yawe kulia wakati wa kuingia, usiunakili hivyo kwa boti inayofanya kazi Dar. Hapo mtafsiri anapaswa kumwita nahodha, waamue pamoja.

Kuna mtego mwingine kama kitabu chako ni cha zamani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, amri ya usukani kwenye meli za Kiingereza ilitaja upande wa kana, ule mkono wa usukani, na kana ikisukumwa kulia meli huenda kushoto. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, Titanic ilipokaribia siwa barafu, amri iliyotolewa ilitaja "starboard", na meli ikageukia kushoto kama ilivyokusudiwa. Siku hizi ukiamriwa "port", omo inakwenda kushoto, basi. Angalia mwaka wa kuchapishwa kabla ya kugusa amri yoyote ya usukani.

Orodha yangu ya makosa ya upande huu ni ndefu, nakupa yale yanayorudi mara nyingi. "Port anchor" ni nanga ya kushoto. "Port bow" ni kushoto mbele. "Port quarter" ni kushoto nyuma, wala hakuna robo yoyote hapo. "Port watch" ni zamu, kwa kuwa mabaharia waligawanywa makundi mawili kwa majina ya pande za meli. Si saa ya ukutani. La hatari kuliko yote ni "port list". Ukiikuta kwenye karatasi za ofisi inaweza kweli kuwa orodha ya bandari. Ndani ya taarifa ya ajali ina maana meli imeinamia kushoto. "A list of 5 degrees to port" ni "imeinama nyuzi 5 upande wa kushoto", na mtu aliyeandika "orodha ya nyuzi 5 kwenda bandarini" amemnyima mkaguzi dalili ya kwanza ya maji kuingia au mzigo kuhama.

Upande wa nne ni kubeba, Kilatini "portare". Huu hautakusumbua sana kwenye mwongozo wa boti, lakini umejaza Kiswahili chetu. Ripoti ni kilichobebwa na kurudishwa. Sapoti ni kubeba kutoka chini. Spoti ilianza kama kujibeba, kujiondoa kwenye shughuli ili uburudike. "Import" na "export" ni kubeba ndani na kubeba nje, wala si bandari, ingawa kwa mtu wa Kurasini inaonekana wazi kwamba ni bandari. Hata "porter" ni wawili: mmoja ametoka kwa "portare", huyo ni mpagazi, ndiye wanayemwita mgumu huko Kilimanjaro, mwingine ametoka kwa "porta", mlinzi wa mlango. Huyo wa pili Kiswahili tunaye tayari, bawabu, ambalo kwa Kiarabu nalo limetokana na "bab", mlango. Ukiona "hotel porter" uliza anabeba mizigo au anafungua mlango. Na kwa kuwa tumewataja wapagazi, Kariakoo yenyewe imebeba jina lao: ni "Carrier Corps", kikosi cha wabebaji cha Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kitenzi "to port" cha siku hizi ni cha ukoo huu. Kuhamisha programu kutoka aina moja ya kompyuta kwenda nyingine ni "to port", na kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba, huduma iliyoanza Tanzania mwaka 2017, ni "porting". Tafsiri ni kuhamisha au kuhama. Kwenye gwaride, "port arms" ni kushika bunduki mshazari mbele ya kifua. Watoto wa shule wa Queensland, Australia, huita begi lao "port", kifupi cha "portmanteau", kibeba vazi.

Divai inapita haraka. "Port" ya glasi imetajwa kwa mji wa Porto, Ureno, kwenye mlango wa mto Douro. Pombe kali ya zabibu huongezwa kabla uchachu haujamaliza sukari, kwa hiyo hubaki tamu na hufikia kiasi cha asilimia 19 hadi 22 ya kilevi. Iite divai ya Porto. Jina la mji lina maana ya "bandari", na jina Portugal nalo limetokana na "Portus Cale", bandari ya Cale. Alama ya kuzaliwa yenye rangi ya divai hiyo, "port-wine stain", ni baka jekundu la kuzaliwa. Mvinyo haukumwagika popote. Kuna hata "port" ya Kigaeli cha Uskoti na Ireland, yaani wimbo wa ala.

Jihadhari pia na jamaa wa kujipachika. "Portrait" ni picha iliyotolewa nje kwa kuchora, kutoka "trahere", kuvuta. "Portion" ni sehemu. "Portent", dalili ya jambo lijalo, imetoka kwa kunyoosha mbele. Yote yanaanza na herufi zilezile, na hakuna ndani yake bandari, lango wala mzigo.

Ukirudi mezani kwako, fanya hivi. Kila unapoikuta "port" kwenye mwongozo, weka "starboard" mahali pake. Sentensi ikibaki na akili, ila imehamia upande wa pili, hiyo ni kushoto. "The starboard engine" inasimama. "Leaving starboard" haisimami. "The exhaust starboard" haisimami. Kwa njia hii peke yake utazitenga "port" nyingi za boti bila kufungua kamusi. Zilizobaki, tazama neno lililotangulia. Likiwa ni kazi au kitu kinachopita, kama moshi, hewa, mafuta, chaji au ukaguzi, ni tundu. Likiwa ni kitendo cha kwenda au kukaa, kama kuondoka, kuingia, kuwa, tena bila "a" wala "the" mbele yake, ni bandari. Herufi kubwa ikifuatwa na jina, kama Port Said au Port Louis, liache jina lilivyo. Namba ikifuata, ni mlango wa kompyuta. Ikishindikana kabisa, shuka gatini ukaoneshwe kitu chenyewe; mchoro wa injini nao una mishale inayoonesha kila tundu.

Kuhusu "porti": kwa maandishi ya mafundi wa kompyuta sioni ubaya, wanaielewa. Ndani ya mwongozo wa boti, usiitumie. Ukiandika "porti ya moshi ya injini ya porti kabla ya kuondoka porti" umerudisha kizungumkuti kilekile kwa tahajia mpya, na fundi wenu atauliza tena. Kiswahili kimekupa tundu, kushoto na bandari, maneno matatu ambayo hayawezi kuchanganywa hata na mtu aliye nusu usingizini zamu ya usiku.

Na kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya maelekezo yoyote, weka mstari huu kwa herufi nzito: "Katika mwongozo huu, kushoto na kulia ni vya boti, si vya msomaji. Simama tezi, tazama omo: mkono wako wa kushoto ndio upande wa taa nyekundu."